Kuendesha boti ndogo ya injini kwenye maji ya magotini

Watu wakiniuliza boti yangu inahitaji maji kiasi gani, huwarudishia swali: ikiwa imesimama, ikiwa inaondoka, au ikiwa inakimbia? Hivyo ni vina vitatu tofauti, na anayejua kimoja tu ndiye anayeshinda akisukuma boti kwa bega.

Ikisimama, boti inakaa na uzito wake wote. Ukiongeza mafuta ili uondoke, omo, yaani mbele ya boti, inapanda na tezi, yaani nyuma yake, inadidimia, na injini iliyofungwa tezini inadidimia nayo. Hapo ndipo inapotaka maji mengi kuliko wakati wowote. Ikishapata mwendo inapanda na kuteleza juu ya maji, yaani imepaa, na sasa inataka maji machache hata kuliko ilipokuwa imetulia. Kwa hiyo kuna mahali unaweza kupita kwa mbio lakini huwezi kusimama, na kuna mahali unaweza kusimama vizuri kabisa lakini huwezi kuondoka. Waliokwama wengi wamekwama hapo pa mwisho.

Hatua ya 1: Pima boti yako mwenyewe

Usitegemee namba ya kwenye karatasi ya muuzaji. Ile ni ya boti tupu. Pakia watu, mafuta na vyombo kama unavyosafiri, ipeleke kwenye maji tulivu yanayofika mapajani, kisha shuka na fimbo yenye alama za sentimita. Pima kutoka usawa wa maji hadi chini ya boti, halafu hadi ncha ya pezi la injini, lile lililo chini ya propela, injini ikiwa imeshuka wima.

Boti yangu ni ya bati, chini bapa, mita nne. Ikiwa na watu wawili inazama sentimita 15. Pezi la injini liko sentimita 43. Tofauti hiyo ya sentimita 28 ni injini tupu, na ndiyo maana kununua boti bapa zaidi hakukuokoi kama hujashughulikia kilichoning'inia nyuma.

Kipimo cha tatu, cha kuondoka, hakipimwi kwa fimbo. Tafuta mahali pa mchanga laini usio na mawe wala nyasi, panapopungua kina polepole. Anza kwenye mita moja, ondoka kama kawaida, tazama nyuma. Rudia kwenye sentimita 90, kisha 80, ukishuka hivyo hivyo. Siku utakapoona maji nyuma yako yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, propela imeanza kulima. Ongeza sentimita kumi kwenye kina hicho, na hicho ndicho kipimo chako. Kwangu kilitoka 60.

Sasa chukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, na upake mikanda mitatu ya rangi: mweupe kwenye 15, njano kwenye 45, mwekundu kwenye 60. Ukiuchovya mti majini unasoma jibu bila kufanya hesabu: ni mkanda wa juu kabisa uliolowa. Kipima kina cha umeme ni kizuri, lakini kwa kawaida jicho lake limefungwa tezini. Kinakueleza ulipo, na kwenye maji haya unachotaka kujua ni uendako.

Hatua ya 2: Injini

Tazama lile bapa pana lililo juu kidogo ya propela. Kwa kawaida linakaa usawa mmoja na chini ya boti, au sentimita mbili tatu juu yake. Injini nyingi nimeziona zimefungwa chini kuliko hapo, kwa sababu tu aliyefunga aliiangusha juu ya ubao wa tezi akakaza skrubu. Ipandishe sentimita mbili, jaribu, pandisha tena. Boti ikiwa imepaa, bapa hilo linatakiwa liwe linakwaruza uso wa maji. Ukikata kona na injini ikapiga kelele ghafla huku mwendo ukianguka, propela imevuta hewa. Rudi chini hatua moja.

Wanaotaka zaidi hufunga kiinua injini, fremu inayoisogeza injini nyuma ya tezi na kuipandisha. Maji yanayotoka chini ya boti huinuka kidogo yakishapita tezi, kwa hiyo propela iliyo nyuma zaidi inaweza kukaa juu zaidi na bado ikashika maji.

Kuna wenzo wa kufungia injini isiinuke. Ukienda mbele kwenye maji haba, uwe umefunguliwa, ili injini ikigonga kisiki ijinyanyue yenyewe. Ukiufunga, nguvu yote ya pigo inaenda kwenye ubao wa tezi, na ubao ukipasuka una tatizo kubwa kuliko propela. Ukitaka rivasi ni kinyume: pasipo kufunga, injini inajisukuma nje ya maji na kukujia usoni. Injini nyingi ndogo zina pia mkao wa maji haba, ambapo injini inabaki imeinama nusu. Mkao huo ni wa mwendo wa kutambaa tu, na nyingine haziwezi kushika rivasi zikiwa hivyo. Soma kitabu cha injini yako. Kurasa hizo mbili zina thamani kuliko kitabu kizima.

Matundu ya kunyonya maji ya kupoza yako ubavuni mwa giaboksi. Ukiinamisha injini kupita kiasi yanatoka juu na pampu inanyonya hewa. Kwa hiyo jicho lako moja liwe mbele na jingine kwenye ule mchirizi unaotoka nyuma ya injini, ambao kila baharia anauita mkojo. Ukipungua, zima. Mara nyingi ni mchanga umeziba tundu la kutokea, na kipande cha mshipi mnene wa kuvulia kinalizibua. Mkojo ukiendelea kuwa dhaifu baada ya hapo, basi ni impela, kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu kinachosukuma maji. Mchanga unaisaga kama msasa. Kwenye maji safi inadumu miaka. Kwenye maji ya tope mimi huibadilisha kila msimu bila kuiuliza hali yake.

Propela ya alumini inapinda ikigonga, na hilo ni jema, kwa sababu ya chuma cha pua haipindi bali inapeleka pigo ndani kwenye gia. Beba ya akiba. Injini ndogo sana zina pini ya propela ambayo kazi yake ni kukatika badala ya gia. Beba pini tano, spilti pini zake, na plaizi. Usithubutu kuweka msumari badala ya pini. Msumari haukatiki, kinachokatika ni ndani.

Kuna injini zilizotengenezwa kwa maji ya namna hii. Yenye mkia mrefu, iliyozoeleka Thailand, ina fimbo inayoinuliwa kwa mkono hadi propela iko karibu na uso wa maji. Zinazopozwa kwa hewa hazina habari ya kunyonya tope. Injini ya jeti haina propela chini yake kabisa. Bill Hamilton wa New Zealand aliiendeleza miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kokoto, na mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado kupitia Grand Canyon. Bei yake ni kwamba jeti ya nyuma inakula takriban asilimia 30 ya nguvu ya injini, na ukiachia mafuta ghafla usukani unakufa, kwa kuwa kinachogeuza boti ni yale maji yanayorushwa. Mgeni wa jeti akiogopa anapunguza mafuta, na hapo ndipo anapogonga alichokiogopa.

Hatua ya 3: Mzigo

Sogeza uzito mbele. Tangi la mafuta, nanga, maji ya kunywa, vyote vitoke tezini, maana huko tayari kuna injini na wewe. Boti bapa ya mita nne ina eneo la chini la kama mita tano za mraba, kwa hiyo kila kilo 50 zinaizamisha sentimita moja. Kumbuka namba hiyo, nitairudia.

Lakini asikae mtu omoni miguu ikining'inia. Boti ikigota kwenye fungu la mchanga inasimama, watu hawasimami. Kila mtu akae chini, avae jaketi la kuokolea hata kama maji ni ya kiunoni, na kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mkono au mguu wako. Anayerushwa kwenye maji haba anaanguka juu ya ardhi, na propela inamfuata.

Hatua ya 4: Jua maji yanaenda wapi

Baharini, ingia maji yakijaa. Ukikwama, subiri kidogo yatakunyanyua. Ukikwama yakikupwa, kila dakika inakukaza.

Kwenye pwani nyingi maji hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Hayashuki kwa kasi moja. Gawa tofauti ya juu na chini kwa kumi na mbili: saa ya kwanza inaondoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3, saa ya kwanza inachukua sentimita 25 tu na unajidanganya kwamba muda upo. Saa ya tatu inachukua 75, yaani zaidi ya sentimita moja kila dakika.

Sasa rudisha ile namba ya kilo 50. Mtu mzima wa kilo 70 akishuka botini, boti inapanda sentimita moja na nusu hivi. Katika saa ya tatu ya kupwa, hiyo ni dakika moja na kidogo ya maji. Siku moja tulikuwa wanne, tumegusa fungu taratibu kabisa, bila hata mshtuko. Tulipaswa kuruka wote palepale. Badala yake tukaanza: “Kaka, shuka wewe, mimi nimevaa viatu.” “Ngoja kwanza tujaribu rivasi.” Kufikia tuliposhuka wote wanne, zilikuwa zimepita dakika sita au saba, na uzito wetu wote pamoja ulikuwa na thamani ya dakika nne na nusu. Tukapwelewa. Tulikaa karibu saa sita juu ya mchanga mkavu na chupa mbili za maji, mwenye viatu akiwa amevishika mkononi.

Bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, lina mtego wake. Ukiingia maji yakiwa kileleni wakati wa bamvua na ukakwama, maji yanayofuata huenda yasifike juu kiasi hicho tena kwa karibu wiki mbili. Maji mafu, yale ya siku za katikati ya bamvua moja na jingine, hayana tofauti kubwa, na kwa kujifunza ndiyo bora.

Ziwani hakuna kupwa kwa maana, ila upepo mkali wa muda mrefu unayasukuma maji upande mmoja, na pwani unakotoka upepo inabaki haba. Mtoni, ukiwa na chaguo, jaribu njia mpya ukipanda mto. Ukigusa, mkondo unakurudisha ulikotoka. Ukishuka mto, mkondo huo huo unakupandisha zaidi juu ya fungu.

Hatua ya 5: Soma uso wa maji

Safiri jua likiwa mgongoni au utosini, na uvae miwani inayokata mng'ao. Jua likiwa usoni, maji yote ni bati moja la fedha. Simama ukiweza kufanya hivyo salama, au mwombe mwenzako asimame katikati ameshika kitu.

Mchanga ulio chini ya maji haba ni wa rangi ya kahawia hafifu au mweupe, kina ni kijani na kisha buluu. Kinachowadanganya wengi ni nyasi za baharini: zinaonekana nyeusi kama kina, kumbe ziko sentimita 30 chini. Kivuli cha wingu nacho hufanya hivyo, lakini kivuli kinatembea. Mahali mawimbi madogo yanapobadilika sura ghafla, chini yake pamebadilika. Na ukimwona korongo amesimama mbele yako, hajasimama juu ya maji.

Mtoni tafuta herufi V. Ncha yake ikielekea maji yaendako, ni mlango kati ya vizuizi viwili, pita katikati. Ncha ikielekea maji yatokako, kwenye ncha hiyo kuna jiwe au kisiki. Kwenye kona, maji mengi yako upande wa nje, kwa sababu upande wa ndani mkondo unapoa na kuangusha mchanga. Kati ya kona mbili mkondo unavuka kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine, na hapo pa kuvukia ndipo penye haba kuliko kote. Shika pondo mapema.

Hatua ya 6: Mwendo

Kuna mienendo miwili tu: kutambaa, au kupaa. Wa katikati, omo ikiwa juu na tezi ikilima, ndio mbaya, na kwa bahati mbaya ndio ambao mtu mwenye wasiwasi huuchagua, akidhani anakuwa mwangalifu.

Njia usiyoijua, tambaa. Injini iwe imeinama kwenye mkao wa maji haba, mwenzako akichovya pondo omoni na kutaja rangi: njano, njano, mweupe. Akisema mweupe, zima, inua injini kabisa, na pigeni pondo. Kupaa ni kwa njia uliyokwisha kuipita polepole siku hiyo hiyo, kwenye kiwango hicho hicho cha maji au cha juu zaidi, na pasipo waogaji, wavuvi wa miguu, kasa wala nguva. Juu ya nyasi usipae wala usilime. Propela ikikata mizizi yake, mfereji unabaki kwa miaka, na nyasi ndizo chakula na maficho ya samaki.

Geuka nyuma kila dakika. Povu jeupe ni salama. Povu la kahawia maana yake unaelekea kugusa, na bado una nafasi ya kurudi kwa alama yako mwenyewe.

Nyasi zikijisokota kwenye propela, injini inalia bila mwendo. Weka nyutro, kisha rivasi fupi, nyingi zitajifungua. Zikigoma, zima, chomoa kamba ya kuzimia, ndipo uinue na kuingiza mkono.

Hatua ya 7: Kusimama, na kuondoka

Kabla hujapunguza mafuta, jiulize utaondokaje. Chagua mahali ambapo mkanda mwekundu ungelowa, au palipo na shimo la namna hiyo ambalo unaweza kulifikia kwa pondo. Elekeza omo kwenye kina kwanza, halafu punguza taratibu. Ukizima ghafla, wimbi lako mwenyewe linakufikia kutoka nyuma, linakunyanyua, linakusogeza mbele na kukuketisha mahali ambapo usingefika kwa kukusudia.

Kuondoka kutoka kwenye maji ya njano: usijaribu kwa injini. Wenzako wasogee mbele, piga pondo hadi kwenye kina, shusha injini, washa, tazama mkojo, kisha ongeza mafuta kwa mkupuo mmoja ili kile kipindi cha kudidimia kiwe kifupi. Wapo wanaoondoka kwa kuzunguka duara kali hadi boti ipae. Inafanya kazi, na inachimba duara chini. Mimi siifanyi.

Ukigota

Zima injini mara moja, kabla ya kusema lolote. Kila sekunde inayonguruma inanyonya mchanga. Tazama kama kuna aliyeumia na kama boti inavuja. Kisha inua injini juu kabisa.

Chini pakiwa pagumu na maji hayana mkondo mkali, watu washuke wote kwa pamoja, wakiburuza nyayo badala ya kunyanyua, ili samaki taa aliyejifukia aondoke kabla hajakanyagwa. Sukumeni kurudi njia mliyojia. Huko ndiko mnakojua maji yapo. Yumbisheni boti kushoto na kulia huku mkivuta, maana tope linashika kwa kunyonya. Pakiwa na tope laini asishuke mtu, mguu unaweza kuzama usitoke. Hapo tumia pondo, na ukiuona umenasa uachie, usiufuate majini.

Ikishindikana, mtu aipeleke nanga upande wa kina mbali iwezekanavyo na kamba ikazwe. Maji yakirudi, boti itajivuta huko badala ya kupandishwa zaidi na mawimbi.

Ukirudi

Suuza injini kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, dakika kumi au kumi na tano, hata kama hukwenda baharini. Tope ni mbaya kama chumvi. Fungua propela utazame kama mshipi wa kuvulia umejisokota nyuma yake, kwa sababu mshipi hula sili ya shafti, ule mpira unaozuia maji yasiingie kwenye giaboksi. Halafu legeza skrubu ya chini ya giaboksi uache tone moja la oili litoke kwenye kidole. Likiwa na rangi yake ya kawaida, kaza. Likiwa jeupe kama maziwa, maji yameingia: mwaga oili yote, badilisha sili, na usiiwashe injini hiyo kabla.